Hatua ya 41

Jumamosi moja jioni mpwa wangu alinipigia simu ya video kutoka Bremen. Alitoa shikamoo ya harakaharaka, ile ya mtoto mwenye jambo, kisha akageuza kamera ikatazama meza. Mezani palikuwa na chombo cha angani, au tuseme nusu yake: kiwiliwili kirefu cha kijivu na bluu, pua imekamilika, kioo cha manjano cha chumba cha rubani kimekaa mahali pake. Mabawa hayakuwepo. Vipande vya mabawa alikuwa amevipanga pembeni kwa mstari ulionyooka, vikisubiri.

"Mjomba," akasema, "hatua ya 41 haiingii."

Ana miaka 11. Alikuwa ameihangaikia hatua hiyo kwa siku mbili. Alinionyesha kidole gumba chake, ngozi imeingia alama za viduara kwa kusukuma. Halafu akauliza swali ambalo sijalisahau: "Labda kuna kitu nakosea mimi?"

Nikamjibu, "Ngoja niangalie." Lakini sikuwa na haja ya kuangalia. Kabla simu haijakatika nilishakumbuka usiku ule, na kitufe nilichokizima.

Nieleze tangu mwanzo. Mimi huunda vyombo vya angani kwa matofali ya LEGO, na matofali ya LEGO sina. Kwa usahihi zaidi, ninacho kimfuko kimoja cha vipande visivyofika hamsini, zawadi ya dada yangu, mama wa huyu mpwa, siku alipokuja likizo. Mengine yote nayafanya kwenye kompyuta, usiku, nyumbani Dar es Salaam, kwa programu iitwayo Studio ambayo hupakuliwa bure. Ndani yake kuna maelfu ya aina za vipande. Unachagua kimoja, unakisogeza, kinajishika kwenye vinundu vya mwenzake. Hakiishi, hakipotei chini ya kochi, na ukikosea unafuta bila hasara. Umeme ukikatika unapoteza dakika kumi za kazi, basi.

Kwa nini vyombo vya angani? Mwaka 1978 kampuni ya LEGO, ya Denmark, ilianza kutoa mfululizo wa seti za anga: vyombo vya bluu na kijivu, vioo vya manjano vinavyopitisha mwanga, wanaanga wadogo wanaotabasamu muda wote. Waliokuwa watoto wakati ule hawakuviacha moyoni. Mwaka 2022 kampuni ilikitoa upya chombo kikubwa cha enzi hiyo, Galaxy Explorer, safari hii kikiwa na vipande 1,254, na boksi likawekewa alama ya miaka 18 na kuendelea. Zaidi ya seti za kampuni kuna watu wengi duniani wanaobuni vyao wenyewe. Kila mwezi wa Septemba baadhi yao hujipa mtihani wa kuunda chombo chenye urefu wa vinundu 100 au zaidi. Kinundu kimoja huchukua milimita 8, kwa hiyo tunazungumzia kitu cha sentimita 80, kirefu kuliko mkono wangu kuanzia begani hadi kwenye vidole.

Kiswahili kina ukarimu katika jambo hili. Baharia wa pwani akisema "chombo" anamaanisha jahazi lake, na sisi tulipohitaji jina la kitu kinachosafiri baina ya sayari tulilichukua neno lilelile tukaliongezea anga. Hata kitenzi ni kimoja. Jahazi huundwa, na mimi pia nikiulizwa ninafanya nini usiku kucha husema naunda chombo. Nilikuwa nalitamka neno hilo kwa raha bila kujiuliza kama nina haki nalo.

Sasa turudi usiku ule. Chombo changu kilikuwa na mabawa yaliyolala kwa ubavu. Vipande vya LEGO hutazama juu, vinundu vyake vikielekea mbinguni, na kuvifanya vitazame pembeni ni ufundi unaotaka hesabu. Bamba moja jembamba lina kimo cha milimita 3.2. Ukipanga mabamba matano, moja juu ya jingine, unapata milimita 16, ambazo ni upana wa vinundu viwili kamili. Ulinganifu huo ndio mlango wa siri wa wabunifu wote: mabamba matano yaliyolazwa kwa ubavu huingia sawasawa katika nafasi ya vinundu viwili. Mimi nilikuwa nimeacha nafasi ya vinundu viwili kwenye kiwiliwili, nikaweka mabamba matano. Hesabu ikakubali.

Ila bawa lilihitaji kushikwa. Nikaongeza kipande chenye umbo la pembe mraba, ambacho upande mmoja hukaa chini na upande wa pili husimama wima ili kibebe bamba la ubavuni. Ukuta wake ni mwembamba sana, nusu ya bamba, milimita 1.6. Milimita 16 na 1.6 ni 17.6. Nafasi ilikuwa 16.

Studio ina kipimo cha mgongano. Kipande kikitaka kukaa mahali ambapo kingine kimeshakaa, inakataa. Ilinikataza mara tano, mara sita. Ilikuwa saa saba usiku, nimechoka, na chombo kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kubuni. Kipimo hicho kina kitufe cha kukizima. Nikakizima. Bawa likateleza likaingia, kimya, kama kisu kwenye siagi. Kwenye skrini huwezi kuona milimita 1.6. Niliona bawa limekaa.

Nilijiambia nitarudi kurekebisha. Nadhani nilikusudia kweli. Lakini kesho yake nilitengeneza picha. Studio hutengeneza picha zenye mwanga na kivuli kiasi kwamba mtu anaweza kudhani umekiweka chombo dirishani ukakipiga kwa kamera. Nikaziweka mtandaoni, sifa zikaja, na kati ya waliosifu mmoja akauliza natumia kamera gani. Sikumjibu. Mwingine akaomba maelekezo ya ujenzi. Programu hukusaidia kuyapanga hatua kwa hatua, na zikatoka hatua 74. Dada yangu alipoziona alisema mwanawe atafurahi, basi nikamtumia faili na orodha ya vipande vya kununua. Mtoto akatoa akiba ya sikukuu mbili.

Swali lililonikalia kooni baada ya ile simu ni hili: je, nilidanganya? Sikuwa nimesema neno lolote la uongo. Hakuna mahali nilipoandika kwamba chombo hiki kinajengeka. Nilichora tu. Je, mtu anaweza kusema uongo kwa kuchora kitu ambacho hakipo?

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kunitetea, na si jibu bovu. Anayechora ndege mwenye vichwa viwili hadanganyi. Msimulizi wa hadithi akisema sungura alizungumza na fisi hakuna anayempeleka mahakamani. Kubuni ni kutoka nje ya yaliyopo, na mbunifu akilazimishwa kuchora yanayowezekana tu atakuwa karani wa dunia. Chombo cha angani hasa! Hakuna hata kimoja kati ya hivi vyetu kitakachoruka. Mabawa yenyewe hayana kazi mahali pasipo hewa. Kama tumeshakubaliana kuchora mabawa yasiyo na maana, kwa nini milimita 1.6 zigeuke dhambi?

Naliheshimu jibu hilo, na bado naamini ni sahihi kwa ile picha. Picha ilisema: tazama nilichokiota. Ndoto haina deni. Kama ningeishia hapo, mpwa wangu angekitazama chombo, angekipenda, na kidole gumba chake kingebaki salama.

Lakini maelekezo si picha. Yatazame yanavyosema. Chukua vipande viwili. Bandika hapa. Geuza. Rudia upande wa pili. Hata pasipo maneno, kwa michoro na mishale tu, ni lugha ya amri, na anayetoa amri ya safari huwa ameshaiahidi njia. Mtu akikuelekeza "nenda mbele, pinda kulia, utaona msikiti," hawezi baadaye kujitetea kwamba hakusema msikiti upo. Nilipoandika namba 1 kwenye hatua ya kwanza, nilikuwa nimesema bila kutamka: nimepita huku, nifuate. Sikuwa nimepita. Kwa hiyo ndiyo, nilidanganya, na nilidanganya kwa namba.

Hoja ya pili ya kunitetea ilikuwa na makali zaidi, nayo ilinichukua muda. Hizi kanuni ni za nani? Milimita 8, milimita 3.2, rangi hii ipo na ile haipo, vyote vimeamuliwa kiwandani Ulaya na kampuni inayouza bidhaa. Mimi sinunui bidhaa zake. Kwenye skrini yangu hakuna mvutano wa dunia, hakuna plastiki inayochoka, hakuna bei. Kwa mtu asiye na vipande, skrini ndiyo sehemu pekee ambapo hadaiwi na mtu. Kwa nini nijifunge kamba ambayo hakuna aliyenifunga? Je, si utumwa wa ajabu, kutii mipaka ya mali usiyokuwa nayo?

Nikaanza kufikiria vipande vyenyewe vimefikaje kwenye skrini yangu. Mwaka 1995, kabla kampuni haijawapa watu programu yoyote ya aina hii, Mwaustralia aliyeitwa James Jessiman aliandika programu yake, LDraw, ya kuchora matofali haya kwenye kompyuta. Alifariki mwaka 1997, angali kijana. Watu waliokuwa wakiitumia hawakuiacha izikwe naye. Wanajitolea mpaka leo: mtu anakipima kipande kimoja, anakichora kwa nambari, wenzake wanakikagua kabla hakijakubaliwa kuingia kwenye maktaba. Kwa kipimo cha LDraw, upana wa kinundu kimoja ni 20, kimo cha tofali 24, bamba 8. Ukuta wa kipande kile cha pembe mraba ni 4. Vipande vinavyotumika ndani ya Studio vinatoka kwa sehemu kubwa kwenye maktaba hiyo.

Maana yake ni kwamba kuna mtu nisiyemjua aliyekaa mezani kwake na rula, akahakikisha kwamba 4 ni 4. Hakulipwa. Hakuna ambaye angemkamata kama angeandika 3. Na 3 ingefaa kabisa kwa picha. Aliandika 4 kwa sababu alijua kwamba mbele yake, mahali asipopaona, kuna mtu atakayekiamini kile kipande akijengee juu yake. Mimi nilikuwa yule mtu. Usiku wote nilikuwa nakula ukweli wa wengine, na ilipofika zamu yangu ya kupeleka mbele nikapeleka kitu kingine.

Hapo hoja ya pili ikaniponyoka. Kampuni hainidai kitu, na hata leo nikitaka kuchora kwa rangi ambayo haijawahi kutoka kiwandani nachora. Anayenidai ni aliyenitangulia kwenye mnyororo na anayenifuata. Milimita zile 1.6 kampuni haikuzihisi hata kidogo. Zilihisiwa na mtoto, siku mbili, kwa kidole.

Ikabaki hoja ya tatu, na hii ndiyo iliyoniuma. Kama uaminifu unataka kila chombo kijengwe kwa mikono kabla hakijapewa wengine, basi uaminifu ni wa wenye fedha. Chombo changu kilikuwa na vipande zaidi ya 600. Kuvinunua, kuvisafirisha mpaka Dar es Salaam na kuvilipia ushuru si jambo ninaloweza kulifanya kwa ajili ya kujaribu bawa. Mwenzangu wa Ulaya ana makabati yenye droo zilizopangwa kwa rangi, akitilia shaka kiungo ananyoosha mkono, anajaribu kwa nusu dakika. Je, nimwachie yeye peke yake haki ya kubuni? Mbona umaskini ugeuke kosa la kimaadili?

Nililizungusha swali hili siku mbili, na kadiri nilivyolizungusha ndivyo nilivyoona kwamba nimelipanga ili linifiche. Hakuna aliyenitaka nijenge kwanza. Palikuwa na njia rahisi kuliko zote, ya bure, inayolingana na mfuko wangu: kuandika kwenye ukurasa wa kwanza, "Hiki sijakijenga kwa mikono." Maneno manne. Kwa nini sikuyaandika?

Kwa sababu yangesema sina vipande.

Ndilo jibu, na nikiliandika hapa uso unapata joto. Yule aliyeuliza natumia kamera gani, sikumjibu kwa sababu jibu lilikuwa "sina kamera, sina chombo, nina kompyuta ya kuazima ya ofisini." Nilitaka kusimama katikati ya watu wenye makabati kana kwamba nami ninalo. Kukosa vipande si kosa. Aibu ya kukosa vipande pia si kosa, ni maumivu tu. Kosa lilianzia pale nilipomfanya mtu mwingine ailipie aibu yangu. Na aliyeilipia hakuwa tajiri wa makabati bali mtoto wa dada yangu, kwa akiba ya sikukuu mbili.

Nimewahi kuwatazama mafundi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, wakiunda jahazi pale ufukweni. Ramani ya karatasi hukuiona. Fundi ana macho, shoka, keekee ya kamba, na kumbukumbu ya vyombo vilivyotangulia. Nilikuwa nikiwafikiria kama kinyume changu: wao wana kitu bila mchoro, mimi nina mchoro bila kitu. Siku hizi naona tofauti nyingine, kubwa zaidi. Ubao ukikataa kukaa, unamkataa fundi mwenyewe, hapohapo, mbele ya wenzake. Ukivuja, yupo kijijini, na wanaouhojia uvujaji wanajua nyumba yake. Kosa na mwenye kosa wanaishi mtaa mmoja.

Skrini imenitenganisha na kosa langu. Nililifanya Dar es Salaam saa saba usiku, likajitokeza Bremen miezi miwili baadaye, mkononi mwa mtu mwingine, na umbali ulikuwa mkubwa kiasi kwamba yeye alijishuku mwenyewe. Hilo ndilo naliona zito kuliko vipande na fedha. Maelekezo yanapokuwa safi, yamechapwa vizuri, yana namba na mishale, mtu mnyoofu akishindwa kuyafuata humtafuta mjinga ndani yake. Nawaza ni mara ngapi tunafanyiana hivi nje ya michezo. Mtu anabuni fomu akiwa mezani, asiyeweza kuijaza anajiona hajasoma. Mtu anachora ngazi za jengo bila kuzipanda, anayejikwaa anaambiwa hatazami anapokanyaga. Kila aliyepata elimu kidogo, na wengi wanaosoma hapa tumeipata, siku moja ataandika hatua za kufuatwa na mtu asiyemwona. Siku hiyo kitufe cha kuzima kipimo kitakuwepo, na atakuwa amechoka.

Nijibu pia swali la kujua. Je, nilijua? Kwa miezi miwili nilikuwa na namna ya kujua ambayo sina neno lake zuri. Nilijua kama mtu anavyojua kuna barua hajaifungua. Sikuwa naifikiria, na wakati huohuo nilikuwa makini nisipite karibu nayo. Sikulifungua tena faili lile, mimi ambaye huyafungua mafaili yangu ya zamani kila wiki kujifurahisha. Kutolifungua ndiyo ushahidi. Asiyejua hana sababu ya kukwepa. Kwa hiyo utetezi wa "nilisahau," ambao ningeweza kuutoa na ukakubaliwa, nimeuondoa mwenyewe kwenye orodha.

Jumatatu jioni nilipiga simu. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya namna tatu. La kwanza lilisema kuna vipande vya namna hii ambavyo hutofautiana kidogo. La pili lilisema programu ilikosea. La tatu lilikuwa kweli. Kwetu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha kirahisi. Tunampa soda, tunamnunulia kitu, tunabadili mazungumzo, naye anaelewa, au tunajiambia anaelewa. Nikamwambia dada awepo, ili nisipate nafasi ya kuchagua maelezo ya kwanza.

Nilimwambia: "Hatua ya 41 haiwezi kuingia. Hukukosea. Niliona mapema kwamba haiingii, nikazima kipimo ili ionekane imeingia. Halafu nikakutumia. Nisamehe."

Akanyamaza. Kisha akauliza, kwa ile sauti ya watoto wanaokusanya taarifa, "Kwa nini?"

"Kwa sababu kilikuwa kizuri," nikasema, "na nilitaka watu wadhani nimekijenga."

"Hujakijenga?"

"Sina vipande, mwanangu. Nina vile alivyoniletea mama yako."

Dada alitazama pembeni. Mpwa wangu akasema, "Ahaa," akafikiri kidogo, akasema, "Sasa tunafanyaje?" Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi. Kwa swali la fundi sikuwa nimejiandaa.

Tulichofanya ni hiki. Nilikiwasha kipimo, nikarudi kwenye nafasi ile ya milimita 16. Bamba moja kati ya yale matano ilibidi litoke. Yakabaki manne, milimita 12.8, na nikaweka vipande viwili vya pembe mraba badala ya kimoja, kila upande ukuta wa 1.6. Jumla 16 kamili. Ilinichukua jioni mbili tu, na bawa sasa lilishikwa pande zote mbili badala ya upande mmoja. Suluhisho lilikuwepo usiku uleule, umbali wa kazi ya jioni mbili. Bawa lilifupika kwa vinundu vitatu. Kwenye picha chombo si kizuri kama kile cha kwanza, na hilo nililikubali bila kulipenda. Vipande vilivyoongezeka nilimtumia dada fedha avinunue. Alikataa, nikatuma tena.

Safari hii nilitoa vile vipande vyangu kwenye kimfuko nikavimwaga kitandani. Havikutosha kujenga bawa. Vilitosha kujaribu kona moja ya kiungo, mabamba mawili na tofali. Nilivibana, nikavisikia vikishikana kwa ule mlio mdogo, nikavivuta. Nilikuwa nimebuni vyombo zaidi ya ishirini na sikuwahi kufanya hivyo. Pia niliandika kwenye ukurasa wa kwanza: "Hiki sijakijenga kwa mikono. Ukikwama, niambie." Nikarudi kwenye picha za mtandaoni nikaandika hivyohivyo, na yule wa kamera nikamjibu, miezi miwili imechelewa. Baadhi ya watu waliokuwa wameomba maelekezo hawakuyachukua tena. Ni haki yao.

Wiki tatu baadaye simu ikaita. Shikamoo ya haraka, kamera ikageuka. Chombo kilikuwa mezani, kina mabawa yote mawili. Akakinyanyua kwa mkono mmoja, akakizungusha hewani, hakikuachia hata kipande.

"Lakini mjomba," akasema, "hatua ya 63 ulikosea."

Moyo ulinishtuka. Kipimo nilikuwa nimekiwasha! Akanieleza. Kipande cha hatua ya 63 kinakaa ndani ya injini, chini ya paa, na paa limewekwa hatua ya 58. Kwenye skrini kipande kinapita popote na kutua ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu skrini haina vidole. Mezani paa likishafungwa mkono hauingii. Yeye alifungua paa, akaweka kipande, akafunga.

"Kwa hiyo 63 iwe kabla ya 58," akasema. "Na usiandike hujakijenga. Andika mimi nimekijenga."

Nikafungua faili tukiwa bado kwenye simu. Nikaihamisha hatua, nikabadilisha namba za zilizofuata, nikasoma kwa sauti moja moja kuanzia 57, naye akizifuata kwa kidole juu ya chombo.